Ekwalaiza ya Baba

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, nami niko jikoni naepua wali, baba aliponiita kutoka sebuleni. Aliita kwa nguvu kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, maana wakati huo alikuwa ameshaanza kupaza sauti bila mwenyewe kujua.

"Mama!"

Ananiita mama kwa kuwa nimechukua jina la mamake mzazi.

"Abee, baba."

"Hebu njoo usikize. Kanda hii imeliwa. Mamako hayumo tena."

Nilimkuta ameinama kando ya redio, kiganja amekiweka juu ya mbao za spika kama anayempima mtoto homa. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Glasi za kabatini zilikuwa zinagongana, na mtoto wa jirani alikuwa amesimama mlangoni ameziba masikio. Kwaya ilikuwa inaimba, wanawake kwa wanaume, na nyuma yao kinanda. Mimi nilisikia kila kitu.

"Mbona wanaimba, baba?"

"Wanaume wanaimba. Mamako yuko wapi?"

Katika wale wanawake, mimi sikujua mama ni yupi. Alifariki nikiwa na miaka saba, na ninayoyakumbuka ni machache: nyayo zake akiwa amepiga magoti anapangusa sakafu, mgongo wa gauni la buluu, namna alivyoshika kisu cha kumenyea muhogo. Sauti yake sina. Nimejaribu mara nyingi, nimelala nikafumba macho na kumwomba aseme hata neno moja, lakini anakuja akiwa kimya.

Kanda ile ndiyo mahali pekee ilipobaki. Kwaya ya kanisa letu hapa Chaani, Changamwe, iliirekodi katika ibada ya mavuno, kwa kinasa sauti kimoja kilichowekwa juu ya meza, na kila mwanakwaya akapewa nakala. Wimbo wa tatu ndio wenye mama. Beti la kwanza wanaimba wanawake, la pili wanaume peke yao, la tatu wote. Tangu nikiwa mdogo, kila Jumapili baada ya chakula baba alikuwa akiuweka wimbo huo, na ikifika mahali fulani katika lile beti la kwanza, sauti moja ikipanda juu kuliko nyingine, aliinua kidole na kusema, "Huyo." Basi. Hakusema zaidi. Mimi nilikuwa mtoto, mawazo yangu yote yako kwenye paja la kuku, sikuona haja ya kushika kidole kinaonyesha nini. Nilidhani nitakiona kila Jumapili maisha yangu yote.

Baba alifanya kazi kiwanda cha kukunja chuma zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ukimwuliza kelele zilikuwaje, alikuwa akisema, "Huwezi kuzisimulia, zinakuingia kifuani." Walitia pamba masikioni, basi. Alipostaafu alikuwa bado anasikia, au sisi tulidhani anasikia. Kisha akaacha kuitika hodi. Kisha akaanza kuuliza mambo mara mbili. Ndege zinazoshuka juu ya mabati yetu akawa anaziona kwanza kwa kivuli uani. Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikitoka asubuhi kwenda ofisi ya kusafirisha mizigo ninakofanya kazi ya ukarani, nikirudi jioni, na kwa kuwa nilikuwa namwona kila siku sikuona jinsi anavyoondoka.

Jumamosi iliyofuata niliichukua ile kanda nikaenda nayo Kongowea. Huwa naenda sokoni pale kununua nyanya na vitunguu vya wiki, na nyuma ya soko, kwenye kichochoro wanakopita wenye mikokoteni, kuna fundi wa redio, mtu wa bara aliyekaa pwani muda mrefu. Duka lake limejaa spika zilizopasuliwa vifua. Aliiweka kanda kwenye deki yake, akaisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akaitoa na kunirudishia.

"Madam, hii kanda haina shida. Imezeeka, ina vumbi la sauti, lakini watu wote wako. Nani amesema hawako?"

"Babangu. Anasema wanaume anawasikia, wanawake hawasikii."

Akanitazama. "Mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, alitikisa kichwa. "Mpeleke hospitali kwanza. Kama ni redio, nitatengeneza. Kama ni masikio, mimi si fundi wa masikio."

Tulikwenda. Daktari alimfungia baba ndani ya kijumba kidogo kama cha simu ya zamani, akamvisha vipokea sauti masikioni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Nilikuwa naona kwa kioo. Mwanzoni mkono uliinuka, ukainuka, kisha ukakaa pajani. Daktari aliendelea kubonyeza na baba akaendelea kukaa, mpole, mkono umelala, akitazama mbele kama anayesubiri zamu yake ifike. Ikatoka karatasi yenye mstari unaokwenda sawasawa na kisha kuporomoka.

"Mngurumo anausikia," daktari aliniambia. "Sauti nene za wanaume, ngoma, malori. Zile nyembamba ndizo zimekwenda. Wanawake, watoto, ndege, herufi kama s na f. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Vikifa haviwezi kuota tena."

"Hakuna dawa?"

"Kuna kifaa cha kuvaa. Tutajaribu. Lakini usimwahidi makubwa."

Kifaa kilipiga mluzi. Baba alikivaa wiki mbili kwa ajili yangu, uso umekunjamana, kila kijiko kikigonga sahani anashtuka. Siku moja nikakikuta kimetiwa ndani ya kikombe juu ya kabati, kimefunikwa kwa kitambaa, na hakuna aliyekitaja tena.

Nilirudi kwa fundi. Sikujua ninamwendea kwa lipi hasa. Nilimweleza maneno ya daktari kama yalivyo, na yeye akanisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta. Kisha akapanda juu ya kiti na kushusha kutoka rafu ya juu kisanduku chembamba cheusi chenye vijiti vidogo usoni, kumi vya spika ya kushoto na kumi vya spika ya kulia.

"Hii ni ekwalaiza," alisema. "Zamani kila mwenye muziki wa maana nyumbani alikuwa nayo. Siku hizi hakuna anayeuliza. Ukiiweka kati ya deki na amplifaya inayokuza sauti, unaigawa sauti vipande kumi, na kila kipande unaweza kukipandisha au kukishusha peke yake."

Akanionyesha kwa kidole. Katika kila kumi, vijiti vya kushoto ni vya chini kabisa, mngurumo unaousikia tumboni. Vinavyofuata ni vya unene wa sauti ya mwanamume. Vya katikati ndipo maneno yanapokaa. Vya kulia ni wanawake wakipanda, njuga, sauti ya s, na mwisho kabisa ni hewa tu, mchakacho wa kanda.

"Kama mzee bado amebakiza kidogo huko juu," akasema, "unaweza kumsogezea. Lakini nisikilize, madam. Usipandishe tu. Watu wakipata hii kitu wanasukuma kila kijiti mpaka juu, halafu wanasema imeharibika. Kama kuna mtu humsikii, kwanza shusha wale wanaomfunika."

Niliibeba mapajani ndani ya matatu mpaka Changamwe, nimeikumbatia. Jambo hilo naliandika kwa sababu nataka lijulikane: siku ile nilikuwa na furaha.

Jumapili ya kwanza nilifanya hasa kile fundi alichonikataza. Nilisukuma vijiti vyote vya sauti nyembamba mpaka juu. Kanda ikatoa sauti ya mafuta yanayokaangwa, na katikati ya yale mafuta wanawake wakawa wanapiga kelele kama wamekanyagwa. Baba alikaa kitini pake akanitazama.

"Wasemaje?" nikamwuliza karibu na sikio.

"Mvua," akasema.

Jumapili iliyofuata niliunguza spika ndogo ya juu, ile wanayoiita tuita. Harufu ya plastiki ilijaa sebuleni. Fundi alinibadilishia na hakunicheka. Akaniuliza sebule yetu ikoje. Nikamwambia ni ya kawaida, sakafu ya saruji, kuta tupu, mabati bila dari. Akasema nusu ya kelele ninayopigana nayo ni ya nyumba. Kwa hiyo nikatandika mkeka na juu yake zulia, nikatundika mapazia mazito mpaka kwenye ukuta usiokuwa na dirisha, nikaziondoa spika kwenye kona na kuziweka juu ya matofali, zikimtazama baba. Glasi za kabatini nikazitia ndani ya sanduku. Jirani yangu aliyekuja kuazima chumvi alisimama akashangaa, akaniuliza kama tuna msiba.

Kisha nikaanza upya, polepole, nikiwa na daftari. Nilirudisha vijiti vyote katikati. Nikashusha cha kwanza, na malori ya makontena yanayopita barabarani yakawa ndiyo mngurumo pekee uliobaki. Nikashusha cha tatu na cha nne, kidogo kidogo, na ule ukungu uliokuwa umeifunika kwaya ukainuka, kana kwamba walikuwa wanaimba ndani ya pipa na sasa wametoka. Kinanda kikarudi nyuma. Wanaume wakakonda. Nikapandisha cha saba. Nikapandisha cha nane, nusu tu. Cha mwisho kabisa nikakishusha, ule mchakacho ukafa.

Na ikatokea. Katika beti la kwanza, sauti moja ikajitenga na nyingine. Ilikuwa nyembamba lakini haikuwa dhaifu. Ilipanda kwenye neno la mwisho la mstari wa pili, ikakaa huko juu kitambo, ikashuka kwa taratibu kama mtu anayeshuka ngazi amebeba kitu kichwani. Nilipiga magoti mbele ya redio na mkono wangu ungali kwenye kijiti. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa sijapata hata neno moja lake, na sasa alikuwa pale, anavuta pumzi. Hata pumzi nilikuwa naisikia.

Nikageuka kumtazama baba. Alikuwa ananitazama. Akainua kidole.

"Huyo," akasema.

Nililia mpaka nikashindwa kuirudisha kanda nyuma. Yeye aliweka mkono juu ya kichwa changu na kuuacha pale.

Miezi miwili tuliishi hivyo, na kama hadithi ingeishia hapo nisingekuwa na sababu ya kuiandika. Jumapili tulikuwa tunatoka kanisani tukitembea upesi. Nilipika mapema. Yeye alivaa shati safi, akakaa kitini pake, akaweka mikono magotini, nami nikapiga magoti kwenye zulia na kumtafutia mama. Kila wiki nilisogeza kijiti hiki au kile kwa upana wa ukucha, nikageuka, naye akainua kidole. Kazini nilikuwa nikijikuta naimba ile sauti kwa mdomo uliofungwa. Niliwaambia watu wa ofisini kwamba nimempata mama. Mmoja akadhani nilikuwa sijui alikozikwa.

Kisha akaja rafiki yake mama.

Walikuwa wakiimba pamoja. Baada ya mama kufariki alihamia Kiembeni kwa mwanawe, akabadilisha kanisa, na sisi tukapotezana naye kama watu wanavyopotezana hata bila kugombana. Siku hiyo alikuwa amekuja Chaani kumzika muumini wa zamani, akauliza nyumba yetu, akaonyeshwa. Baba alikuwa amekwenda kunyoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Loo, umekuwa mamako mtupu!"

Alikuwa mzee, miguu imemvimba, lakini macho yake bado mepesi. Nilimpa maji, nikampa chai, akaniuliza habari za baba na nikamweleza. Halafu nikaona nimfurahishe. Nikamwambia, "Kaa hapo, mama, nikusikilizishe kitu." Vijiti vilikuwa pale pale nilipoviacha Jumapili. Niliweka wimbo wa tatu.

Alipoisikia kwaya alishika kifua. Midomo yake ikaanza kufuata maneno. Ile sauti ilipojitenga na kupanda, alipiga makofi na kucheka kicheko cha msichana.

"Wee! Nilikuwa na sauti mimi!"

Nikadhani sikumsikia vizuri. "Yupi, mama?"

"Huyo! Huyo anayekwenda juu. Ni mimi huyo. Siku hizi hata kuita kuku siwezi." Alikuwa bado anacheka, anapangusa macho kwa ncha ya leso. "Umefanyaje mpaka ikatoka hivi? Kwenye kanda yangu sikuwahi kujisikia hivi."

"Na mama?" nikamwuliza. "Mama yuko wapi?"

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Akatazama mapazia ukutani, zulia, spika juu ya matofali, daftari langu lenye namba. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mwanangu," akasema, "zima kidogo."

Nikazima.

"Mamako siku ile hakuimba. Koo lilikuwa limemkauka wiki nzima, hata kusalimia alikuwa anasalimia kwa mkono. Lakini sare zilikuwa zimeshashonwa, na mwalimu wa kwaya hakutaka mstari uwe na pengo. Akamwambia, simama tu na wenzako, fungua mdomo. Akasimama. Alikuwa kando yangu hapa, mkono wa kushoto."

"Baba anasema ni yeye."

"Babako alikuwa zamu siku hiyo, hakuwapo. Alipoletewa kanda alifurahi kupita kiasi. Akaweka, akasikia sauti imepanda, akasema, huyo mke wangu. Mamako aliona haya kumwambia. Alinieleza tukiwa tunafua, tukacheka sisi mpaka tukakaa chini. Akasema muache tu afurahi, tutarekodi nyingine nitaimba kweli."

"Mlirekodi?"

Alitikisa kichwa. "Mwaka uliofuata alianza kuugua."

Alikaa kidogo zaidi, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliniomba radhi mara tatu, kana kwamba ameniibia. Nilimsindikiza mpaka kituoni na nikamwambia asijali, na kwamba baba atafurahi kusikia alikuja. Sikumweleza baba kwamba alikuja.

Jumapili iliyofuata baba alivaa shati lake safi akakaa. Ningeweza kusema redio imeharibika. Ningeweza kusema lolote. Nilipiga magoti, nikaweka wimbo wa tatu, nikamsikiliza rafiki yake mama akipanda na kushuka, nikageuka.

"Huyo," akasema baba.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Huyo."

Nikajiambia hivi: angalau yeye anacho. Mimi nimebaki bila sauti, lakini mzee anayo, na haijalishi ni ya nani maadamu anaisikia. Nilijiambia hivyo wiki tatu au nne. Nilikuwa nafanya kama mtu anayempikia mwingine chakula asichoweza kula yeye, na kulikuwa na namna ya amani ndani yake.

Halafu Jumapili moja jirani alibisha hodi beti la kwanza likiwa linaanza. Nilitoka kumsikiliza, nikarudi, na wimbo ulikuwa umeshafika beti la pili, lile la wanaume. Kitambaa cha redio kilikuwa kimeteleza mbele ya ekwalaiza. Nikanyoosha mkono kukitengeneza, na kidole changu kikagusa kijiti cha nane.

"Huyo," akasema baba nyuma yangu.

Niligeuka. Kidole chake kilikuwa juu. Uso wake ulikuwa uleule wa kila Jumapili, laini, umeinamia upande wa spika. Wanaume walikuwa wanaimba peke yao, besi na teno, hakuna mwanamke hata mmoja.

Nilichofanya baada ya hapo sikipendi, lakini nilikifanya. Nilirudisha kanda mwanzo. Kisha, mgongo wangu ukiwa umemkinga asione, nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wa kushoto. Sebule ikawa kimya. Nilisikia kuku wa jirani akikwaruza chini ya dirisha. Kanda ilikuwa inazunguka bila sauti. Nikasogea kando ili aone mkono wangu, nikashika kijiti, nikakipandisha polepole, nikageuka kumtazama.

"Huyo," akasema. "Huyo hapo, mama. Leo umempata vizuri."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilimwambia naenda kuangalia sufuria.

Jikoni nilisimama nimeshika meza. Nilikuwa najaribu kukumbuka ile siku ya kwanza, nilipolia, kama alinitazama mimi au alisikia. Nilikuwa najua jibu.

Hatukuacha mara moja. Hilo ndilo linalonishangaza sasa. Tuliendelea Jumapili kadhaa zaidi, mimi nikimpandishia mwanamke ambaye si mama, yeye akimwinulia kidole asiyemsikia, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe anahitaji. Aliyechoka kwanza alikuwa yeye. Nilikuwa nimepiga magoti na kanda haijafika popote aliponishika bega.

"Zima, mama," akasema. "Usijisumbue tena."

Nikazima, nikakaa chini kwenye zulia.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Tangu mwanzo. Siku ile uliporudi nayo kutoka Kongowea nilisikia kidogo, kama mvua. Baada ya hapo hata mvua sikusikia. Nilikuwa naangalia mkono wako. Ukigeuka, najua ndipo." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake, "Ulifurahi sana. Ningesemaje?"

Nilikuwa nimemtazama usoni. Malori yalikuwa yanapita nje. Nikaona kwamba ni mimi peke yangu sasa ninayejua, na kwamba jambo lenyewe ni zito kuliko nilivyodhani. Nikalisema. Nililisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyozungumza na mtu anayesikia.

"Baba, yule hakuwa mama. Mama hakuimba siku ile. Alifungua mdomo tu."

Alinitazama midomo. Akangoja aone kama kuna zaidi. Kisha akatingisha kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mama."

Ekwalaiza niliirudisha kwa fundi. Aliipokea kwa heshima, akaipangusa vumbi, akaipandisha tena juu ya rafu, akasema labda siku moja atakuja mtu. Mapazia niliyashusha. Nyumba ikarudi kupiga mwangwi, ingawa anayeusikia ni mimi tu. Baba amekuwa kiziwi kabisa sasa. Kanisani anakwenda, anakaa safu ya mbele, anasimama wengine wakisimama na kukaa wengine wakikaa. Jumapili mchana anakula na kurudi chumbani kulala.

Tunazungumza kwa daftari. Mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo. Nimenunua lenye mistari mipana kwa ajili ya macho yake. Kurasa zake ukizisoma zimejaa mambo kama: umekunywa dawa, naenda sokoni, mchungaji anakusalimu, kesho hakuna maji. Juzi tulikuwa tumekaa sebuleni, naye alikuwa anatazama mahali spika zilipokuwa, na nikachukua kalamu. Niliandika, "Baba, kwenye ile kanda." Akavaa miwani, akasoma, akasubiri. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mstari uliobaki ulikuwa mtupu, mpana wa kutosha.

"Kwenye ile kanda nini, mama?" akauliza.

Nilikata maneno yale kwa mstari mmoja, na chini yake nikaandika kama chai imepoa nimpashie nyingine.